Viatu Nje

Vigae vilifika kabla ya ruhusa. Pikapu iliingia uani kwa Kathure, pale juu kidogo ya soko la Karurumo, vijana wawili wakashuka na kuanza kupanga makatoni barazani. Kathure alikuwa shambani akipalilia maharagwe. Alipotokea, jembe mkononi, makatoni yalikuwa yamefika kiunoni na vijana walikuwa wanakunywa maji yake.

"Nani amewatuma?"

"Ni Mutugi, Mama. Alisema ni surprise."

Tuseme ukweli, kuna watoto wabaya kuliko Mutugi. Kifungua mimba huyu wa Kathure anafanya kazi ofisini mjini Embu, hanywi, hana makuu, na tangu baba yake, Njagi, afariki mwaka jana, haupiti mwezi bila kuja kumwona mama yake. Kasoro yake ni moja tu: akishaamua kukutendea wema, hakuulizi. Dada yake Karimi, mwalimu kule Gachoka, alikuwa amepata mchumba huko huko, na Jumamosi ya wiki iliyofuata wazee wa kina mchumba wangekuja kuzungumza mahari. Basi Mutugi akaitazama nyumba ya mama yake kwa macho ya wageni, akaona aibu. Nyumba ya mbao juu ya nguzo, kuku wanataga chini yake, na sebuleni sakafu ya mbao iliyochakaa, polishi nyekundu imebanduka katikati na kuacha njia kama ya ng'ombe waendao mtoni. Akaagiza fundi aje Jumatatu, ang'oe mbao zote, ajaze mawe chini, amwage zege, abandike vigae vyeupe kama vya benki.

Jioni akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mum, si umeziona tiles? Ziko poa?"

"Nimeziona. Zirudishe."

"Ai, Mum! Hiyo floor imezeeka. Wageni wakitembea italia kwi kwi kwi, wafikirie wako kwa store ya mahindi."

"Hata mimi nimezeeka. Utaniletea fundi aning'oe?"

"Lakini nimeshaongea na fundi. Anakuja Monday."

"Mwambie akigusa ubao wangu na nyundo, atarudi Embu bila nyundo."

Akakata simu. Waembu husema Wameru hasira zao ziko karibu na mlango, na Kathure, aliyezaliwa Meru upande wa msitu, hakuwahi kuwapa sababu ya kubadili maneno hayo.

Mbao zile zilitoka kwao. Njagi alipokuwa anajenga, baba yake Kathure, mzee Mwiti, mpasua mbao aliyejulikana, alimtumia lori la mbao za muuru, mti mgumu wa milima ya Meru ambao mchwa wakiuona hugeuza njia. Zawadi kubwa. Njagi alizipiga randa mwenyewe, akazipanga, akazipigilia misumari. Lakini wiki ile ile waliyohamia, mama yake Njagi, bibi Ruguru, alikuja na mkebe wa polishi nyekundu na brashi, akaviweka mbele ya mkaza mwanawe.

"Mbao tupu ni za zizi la ng'ombe," alisema. "Nyumba ya watu inang'aa nyekundu."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Kathure ilikuwa hiyo brashi. Kila Jumamosi alipiga magoti mlangoni na kurudi nyuma taratibu hadi jikoni, akipaka na kusugua, mimba ya Mutugi tumboni, kisha ya Karimi, kisha ile moja ambayo haikufika. Ruguru akafa. Kathure akaendelea kupaka, maana hakuna aliyemwambia aache, na mazoea yana taabu. Njagi akafa. Akaendelea. Magoti yake yakawa meusi na magumu kama kisigino.

Mutugi alidhani mama yake anaipenda ile sakafu. Wapi! Aliichukia. Aliichukia ile rangi, ile harufu, ile nyekundu iliyoshika soksi za watoto na kucha zake mwenyewe. Lakini usiku wa vigae alijilaza akawaza jambo ambalo hakuwahi kuliwaza: kwamba maisha yake yote ameipigia magoti sakafu hii, na hajawahi kuiona. Na sasa, kabla hajaiona, mtu amekwisha amua iondoke. Mwanzo mama mkwe aliamua iwe nyekundu, sasa mtoto ameamua iwe nyeupe. Yeye ataamua lini? Hapo ndipo penye mambo. Si mbao, si vigae. Kathure alitaka, angalau mara moja kabla ya kuzikwa, neno lake liwe la mwisho ndani ya nyumba yake.

Fundi alipofika Jumatatu alimkuta amesimama langoni. Wakaongea kidogo. Fundi akakumbuka ana kazi nyingine mahali pengine.

Mchana akaja Ireri. Huyu ni mdogo wake Njagi, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani, na ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa ukoo siku ya mahari. Alikaa barazani juu ya makatoni, akakataa chai, ishara kwamba amekuja kwa ubaya.

"Mama Mutugi, kijana ameleta kitu kizuri, wewe unafukuza fundi. Watu wanasemaje?"

"Wanasema nini, Baba Mwaniki? Wewe ndiye umetoka kwa watu."

"Wanasema mjane amekosa mtu wa kumshika. Na mimi nakwambia, hii ni nyumba ya ndugu yangu, na wageni ni wa ukoo."

"Nikuulize kitu. Umeingia hii nyumba miaka mingapi? Umewahi kupiga magoti usugue sakafu yake hata siku moja?"

"Mimi? Mimi ni mwanamume!"

"Basi nyumba ni ya magoti. Yangu ndiyo haya." Na akavuta rinda juu kidogo, akamwonyesha.

Ireri aligeuza uso haraka, akatazama migomba. "Fanya utakavyo," akasema akiinuka. "Lakini wageni wakitucheka, utajibu wewe."

"Nitajibu."

Kujibu ni rahisi. Kazi yenyewe ndiyo ngumu. Kathure alihamisha viti vyote, akanunua msasa, akapiga magoti kama kawaida yake na kuanza kusugua. Polishi ya miaka yote ikageuka uji. Msasa ukaziba, ukawa laini kama karatasi ya daftari. Akachukua mwingine, ukaziba. Akamaliza furushi zima akiwa ametengeneza mahali pa kuweka bakuli moja. Akampigia kaka yake Kiogora kule Meru, naye Kiogora akacheka hadi akakohoa.

"Wewe ni mtoto wa Mwiti kweli? Mafuta ya taa kwanza! Loanisha, subiri, kwangua, pangusa. Msasa ni wa mwisho."

"Ungenikumbusha mapema."

"Ungepiga simu mapema. Na ile misumari izamishe ndani kabla ya yote, la sivyo itararua kila kitu."

Akazamisha misumari. Akamwaga mafuta ya taa kidogo kidogo, akaiacha polishi ilainike, akakwangua kwa vipande vya kioo cha dirisha jinsi baba yake alivyokuwa akikwangua viti, akipangusa ule utope mwekundu kwa magunia. Nyumba ikanuka kama taa ya zamani. Vidole vikapasuka. Mgongo ukalalamika, naye akautukana. Palipokuwa na nyufa alijaza unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Siku ya Alhamisi seremala mmoja wa Runyenjes akamwazima mashine ya msasa, na Kathure akaishikilia kwa mikono miwili ikimtetemesha hadi meno, vumbi likijaa nyusi zake zikawa za ajuza.

Alipoizima na kupangusa kwa kitambaa kikavu, aliona. Rangi ya chai ya maziwa, yenye mishipa ya kahawia inayopinda na kurudi, ubao mmoja ukiendeleza mchoro wa mwenzake, maana Njagi alizipanga kwa kufuata mishipa. Hakuwahi kumwambia. Au alimwambia, naye akiwa na hasira za polishi hakusikia. Kathure alikaa chini katikati ya sebule tupu, akalia kwa sauti. Alimlilia Njagi aliyefanya kazi nzuri ikafunikwa, akajililia yeye aliyeifunika.

Ijumaa asubuhi akaenda Runyenjes kununua vanishi. Alipiga hesabu vizuri: apake mchana, ikauke hadi kesho, wageni waingie.

Alichosahau ni desturi. Huku, wageni wa mahari wakitarajiwa, wanawake wa jirani hawaalikwi, wanakuja tu. Wanakuja na visu vya viazi, na sufuria, na mabega. Na Virginia, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, mwanamke ambaye hajawahi kuona kitu kichafu akakipita, alifungua mlango wa Kathure akakuta sebule imejaa vumbi la mbao hadi kwenye kingo za madirisha.

"Maskini mjane," alisema. "Hata kupiga deki ameshindwa. Leteni maji!"

Wakaleta. Ndoo kwa ndoo, mtungi kwa mtungi, na sabuni ya unga ya ukarimu. Wakavua viatu, wakakunja marinda, wakamwaga, wakaimba wimbo wa dini huku wakisugua kwa fagio ngumu. Kathure alipoingia uani na mkebe wake wa vanishi, jambo la kwanza kuona lilikuwa kuku wakitoka mbio chini ya nyumba, wamelowa, wanalaani. La pili lilikuwa povu likidondoka kati ya mbao.

"Karibu kwako, Mama Mutugi!" Virginia aliita kutoka mlangoni, uso unang'aa kwa jasho na wema. "Tumekuta vumbi, Ngai! Sasa angalia!"

Kathure aliangalia. Mbao zake, kavu, zilizo uchi, zinakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Ilipofika kooni aliibana hapo. Ungemgombezaje Virginia? Kosa lake ni mapenzi, na kesho ndiye atakayesimamia sufuria. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa na nyumba ya mbao. Kathure akaweka mkebe chini.

"Magoti," akasema.

"Nini?"

"Pigeni magoti, nyote. Leteni leso, magunia, mataulo, chochote kinachokunywa maji. Nataka isibaki hata tone. Madirisha yote wazi. Na asimwage mtu kitu kingine, hata machozi."

Sauti yake haikuwa ya kubishiwa. Wakapiga magoti, mwenyekiti wa kina mama akiwa wa kwanza, wakapangusa ubao kwa ubao. Virginia alipoelewa alichofanya alitaka kulia kweli, lakini alishakatazwa.

Nyumba ile iko juu ya nguzo, upepo unapita chini, na hilo ndilo lililoiokoa. Alfajiri mbao zilikuwa zimekauka. Hazikuwa zimepinda. Ila nyuzi zote zilikuwa zimesimama, sakafu nzima imekuwa ya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kathure na Karimi, bibi arusi mwenyewe aliyefika usiku, kichwa kimefungwa kitambaa juu ya nywele zilizosukwa jana, wakachukua msasa laini wakasugua kwa mkono, kufuata mishipa ya mti. Zile nyuzi zilizosimama zikakatika, na chini yake ubao ukatoka laini kuliko ulivyoachwa na mashine. Karimi akaulalia kwa shavu.

"Mum, ni kama ngozi ya mtoto."

Lakini vanishi sasa haikuwezekana, isingekauka. Na usiku mvua ilikuwa imenyesha, udongo wa Karurumo umekuwa ule mwekundu unaonata, ule ambao ukiingia kwenye mbao isiyopakwa kitu hautoki tena maishani.

Mutugi alifika mapema na gari limejaa soda. Alisimama mlangoni akitazama ndani, funguo zikining'inia kidoleni.

"Hii ndiyo ilikuwa chini ya ile red?"

"Ndiyo hii."

Akatia funguo mfukoni, akainama, akaugusa ubao kwa kiganja. Nyuma yake akafika Ireri akiwa na suti, kofia na fimbo ya msemaji.

"Sawa, imependeza. Sasa tandikeni turubai tupate kukaa. Nimeona moja kwa gari."

"Hakuna turubai," Kathure alisema.

"Watachafua."

"Hawatachafua. Watavua viatu."

Ireri alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Wakwe? Wazee wametoka Gachoka na suti zao, uwaambie wavue viatu kama watoto wa nursery? Hayo ni matusi. Tandika turubai, Mama Mutugi."

"Nimeifunika tangu niolewe. Leo haifunikwi."

Kelele za wageni zikasikika langoni, wanawake wa Gachoka wakiimba kuomba kufunguliwa, wanawake wa Karurumo wakiwajibu kwa kuwatania kama desturi. Hapakuwa na muda wa kubishana. Lango likafunguliwa, umati ukapanda kuja barazani, na kila kiatu kilikuwa na gamba la udongo. Mbele yao alikuwa mzee Runji, baba ya mchumba, mfupi, mpole, tai imemkaba.

Kathure alisimama katikati ya mlango. Rinda jipya, vitenge mabegani, miguu mitupu.

"Karibuni sana kwangu," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila viatu ni nje."

Uimbaji ukakatika. Karimi, nyuma ya pazia, aliziba mdomo kwa viganja. Huyo ni mchumba wake aliyekuwa pale kwenye matope, na ni maisha yake yaliyokuwa yakisubiri pale mlangoni kwa mama yake. Alijua mama yake hatarudi nyuma. Alijua pia kwamba wazee wameshavunja mahari kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Msimsikilize," Ireri alisema kwa sauti ya kanisani. "Ni uchungu wa kufiwa. Mimi ndiye msemaji. Ingieni tu."

Hakuna aliyesogea. Mzee Runji aliwatazama wote wawili, kisha akatazama ndani, nyuma ya mabega ya Kathure, akaitazama sakafu kwa muda. Akakaa juu ya katoni la vigae, akaanza kufungua kamba za viatu. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia nje.

"Mama," alisema, "mimi soksi yangu imetoboka. Nitaruhusiwa?"

"Tundu ni lako, mzee. Sakafu ni yangu. Ingia."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikawafungua. Wakaanza kuvua, mmoja akimshika mwenzake bega, wanawake wakitaniana kwa visigino vyao, wazee wakiguna lakini wakivua. Mutugi akavua vyake, kisha akainama na kuvipanga viatu vya wageni ukutani, jozi kwa jozi.

Ireri hakuvua.

"Mimi sivui viatu kwa nyumba ya ndugu yangu," alisema.

"Basi baki na viatu vyako," Kathure akamjibu, akaingia ndani na wageni wake.

Msemaji haachi kazi yake, ukoo ungemcheka hadi kaburini. Kwa hiyo mazungumzo ya mahari ya Karimi yaliendeshwa kupitia dirishani. Ireri alisimama barazani, viwiko juu ya kizingiti cha dirisha, kofia kichwani, akiwapigia wageni mafumbo, nao wakimjibu wakiwa wamekaa chini bila viatu, juu ya muuru uliokuwa unapashwa joto na miili yao. Mvua ikaanza tena, ikamlazimu apaze sauti juu ya mabati. Chai ilimfikia kupitia dirishani. Wali pia. Virginia alimpa kijiko kwa heshima zote bila kucheka, na sijui alipata wapi nguvu hizo.

Mambo yakaenda vizuri, pande zote zikaridhiana. Likabaki neno moja, lile la mwisho. Msemaji humuuliza mama mzazi mbele ya wote kama ameridhika, na asiposema ndiyo, wageni hurudi kwao wakiwa wageni.

"Mama Karimi," Ireri akaita kutoka dirishani, "umesikia yote. Umeridhika?"

Kathure alikuwa amekaa kando ya binti yake. Hakugeuka. Alinyoosha kiganja, akakipitisha polepole juu ya ubao.

"Mama Karimi!"

"Nasikia mtu dirishani," Kathure alisema. "Wanaoongea na mimi dirishani ni wauza mayai. Anayetaka kuniuliza juu ya binti yangu, aniulize akiwa ndani."

"Mum, please," Mutugi akanong'ona. Karimi alishika mkono wa mama yake kwa nguvu, lakini hakuomba chochote. Mzee Runji akatazama kidole chake cha gumba. Dirishani ilisikika mvua tu, na Kathure aliogopa. Aliogopa kwelikweli, kwa sababu ya Karimi.

Kikasikika kiatu kimoja kikidondoka barazani. Mzee mmoja akakohoa, ndipo kikadondoka cha pili.

Ireri akaingia na soksi zake, kofia mkononi, akasimama katikati ya sebule.

"Sasa niulize," Kathure akasema.